Cheche iliyokuwa ikitoroka

Leo mchana, nikitoka Mtera kuja Dodoma, gari langu lilikuwa likimisi (injini ikikatakata) kila nilipopanda kilima, ilhali kwenye tambarare lilikwenda vizuri kabisa.

Fundi wa huku Kizota hakukimbilia kubadilisha plagi zote, na hilo nimelipenda sana.
Alihamishia koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya pili kwenye ya tatu, akafuta msimbo wa hitilafu, akaliendesha tena. Mashine ya kupimia, iliyosoma P0302 (silinda ya pili inamisi) mwanzoni, sasa ikasoma P0303 (silinda ya tatu).
Ugonjwa ulihama na koili.

Kisha akanionyesha mpira wa koili hiyo: ufa mwembamba kama unywele, wenye mstari mweusi wa kaboni, ambamo cheche ilitorokea kwenye chuma kila injini ilipoelemewa na kuhitaji volti nyingi zaidi.

Ndugu zangu wa barabara ya Iringa, koili zenu zilianza kwa dalili gani?