Ati Wahindi wananunua waume

Kwetu baada ya magharibi hakuna kuongea. Tivi iko kwa ile tamthilia ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mamangu, shangazi na jirani wa mlango wa pili washajipanga mkekani na sahani ya viazi karai katikati. Juzi ilikuwa ni harusi. Babake bibi harusi akavua kilemba akakiweka miguuni pa babake bwana harusi, manake pikipiki waliyoahidi haijafika na upande wa mume wamesema bila pikipiki harusi hakuna. Jirani alicheka mpaka ukwaju ukamwagika mkekani. "Hawa Wahindi wananunua waume, walai!" Tukacheka sote, shangazi ndo alicheka zaidi, kwani huku kwetu si mume ndo anatoa mahari?

Usiku sasa nikaanza kuwaza. Hayo mahari ya upande wa mke yalipigwa marufuku India tangu 1961, yaani Kenya hata uhuru haijapata, na bado watu wanatoa tu, wamebadilisha jina wanaita zawadi. Na ndo maana mtoto wa kike akaonekana mzigo tangu tumboni, mpaka 1994 ikabidi itungwe sheria ya kukataza daktari kumpima mama mjamzito ili ajue ni msichana au mvulana, manake akiwa msichana mimba ilikuwa inatolewa. Sensa ya 2011 ilipohesabu watoto wa chini ya miaka saba, kwa kila wavulana 1000 wasichana hawakufika 920. Hao wengine wako wapi?

Asubuhi nikamhadithia tajiri wangu. Mie nauza leso kwa duka moja Biashara Street, na tajiri wangu ni mama wa Kigujarati, mtu mzima, Kiswahili chake kinashinda cha vijana wengi wa hapa mjini. Nilidhani atacheka au atakasirika. Hakufanya lolote, aliendelea kukunja leso pea kwa pea, halafu akaniambia, "Wewe umeona pikipiki. Hujaona karatasi."

Babake alifariki kule Gujarat akaacha nyumba na shamba la karanga. Sheria ya urithi ya Wahindu ilirekebishwa 2005, binti akawa sawa na kaka zake kwa mali ya ukoo, na 2020 Mahakama ya Juu ya kule ikaongeza kwamba hata kama baba alikufa kabla ya 2005 haki ya binti iko palepale. Sasa kaka zake wakatuma karatasi na mpwa wao aliyekuja likizo, ya yeye kusema hataki kitu. Akaisaini hapohapo kaunta, pembeni ya debe la chenji, akanionyesha mpaka pale mahali. Nikamuuliza kwani mama hukujua sheria? Akaniangalia kama mtoto. "Nilijua. Nikikataa, rakhi nitamfunga nani?" Rakhi ni ule uzi ambao dada anamfunga kaka mkononi mara moja kwa mwaka. Yeye kila mwaka anautuma kwa posta.

Kumbe Rajasthan hiyo kitu ina jina kabisa, haq tyag, kuiacha haki. Hiyo haq ni haki hiihii yetu, neno ni lilelile la Kiarabu. Nilisimama na leso mkononi kama mjinga.

Na si urithi peke yake. 1993 mabaraza ya vijiji India yaliwekewa lazima thuluthi ya viti iwe ya wanawake, na majimbo mengi sasa yamefika nusu, wako wenyeviti wa kike wengi sana na wako wanaofanya kazi kweli, lakini pia kuna "sarpanch pati", mume wa mwenyekiti, yaani mama kachaguliwa, anatia saini, halafu mzee ndo anakalia kiti na kukata maneno. Bunge nalo lilipitisha thuluthi yake 2023, ikawekewa sharti isubiri sensa na mipaka mipya. (Tusiwacheke, yetu ya theluthi mbili, ya kwamba jinsia moja isizidi hapo, iko kwa katiba ya Kenya tangu 2010 na bunge halijawahi kuitimiza.)

Tajiri wangu akiona nimenuna huwa ananipa hadithi ya kina mama wa Ahmedabad, mji wa kwao Gujarat, na hii anaitoa kwa kujidai kweli. Wauza mboga, washonaji, wabeba mizigo, Ela Bhatt aliwakusanya kwa chama chao SEWA 1972, na 1974 wakafungua benki yao wenyewe, wanawake 4000, kila mmoja rupia kumi. Wengi hawakujua kusoma wala kuandika, sasa saini wataweka vipi? Wakapigwa picha, mama ameshika kibao chenye nambari ya akaunti yake, basi, hiyo ndo saini. Sura yake mwenyewe. Hapo hakuna wa kukusainia.

Nikarudi nyumbani nikamuangalia shangazi.

Dini yetu haikungoja 2005, fungu la mtoto wa kike limetajwa wazi ndani ya Qur'ani, nusu ya la kaka yake lakini ni lake. Babu alipokufa, baada ya arobaini ndugu wa kiume walimwita shangazi wakamwambia sisi ni damu moja tusipelekane kwa kadhi, watu watasema. Akasema nimesamehe. Mmoja wa hao ndugu ni babangu na nyumba ni hii ninayokaa. Shangazi amepanga chumba Majengo. Nilipomuuliza baba aliniambia hayo ni mambo ya wakubwa, akatoka kuenda kunywa kahawa.

Jana tamthilia ilivyoisha shangazi akavaa buibui lake, akamwambia mamangu kwa mzaha wake wa kila siku, "Haya mwenye nyumba, nipe ruhusa mie nende zangu." Kitovu chake kimezikwa hapo uani, chini ya mkwaju. Mamangu alijifanya anatafuta rimoti.