Mlango Usio na Ngazi

Jumapili. Mvua ilianza kabla misa haijaisha, na tulipofika nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Mpwa wangu alikuwa amebakiza chaji kidogo kwenye simu, na badala ya kuitunza akaitumia kunionyesha picha ya rangi za mafuta aliyoikuta intaneti.

"Tantine, angalia huyu. Alisahau kuchora ngazi."

Kweli. Chumba kitupu, mlango wazi upande wa kulia, na nje ya mlango hakuna baraza, hakuna ngazi, hakuna hata mchanga. Ni bahari moja kwa moja. Maji ya buluu yamesogea hadi mlangoni kama mgeni anayengoja kuambiwa karibu. Jua limeingia mshazari, likaacha kipande cha mwanga ukutani na kingine sakafuni. Kushoto kuna upenyo mwembamba unaochungulia chumba cha pili: kochi jekundu, kabati, fremu iliyotundikwa. Mtu hayumo.

Aliyeichora ni Edward Hopper, Mmarekani, mwaka 1951, akikaribia miaka 70. Inaitwa Rooms by the Sea, yaani vyumba kando ya bahari, na sasa iko katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale. Si kubwa: sentimita 74 kwa 102 hivi, kama meza ndogo ya saluni, yaani sebule. Katika daftari ambamo yeye na mkewe Jo waliandika kila kazi iliyokamilika, picha hii ina jina la pili, Mahali pa Kurukia. Jina hilo sikulipenda. Linamsukuma mtu mgongoni.

Kilichonishika kwanza ni ukuta wa katikati, sio bahari. Mzee huyu alikuwa na bahari nzima ya kuchora, lakini sehemu kubwa ya kitambaa chake akaupa ukuta mtupu. Kwetu Bukavu ukuta kama huo haupo. Ungekuwa na kalenda ya miaka mitatu iliyopita, picha ya harusi, saa iliyosimama na Bikira Maria. Yeye ameuacha mweupe ili jua lipate mahali pa kukaa.

Mama akaja na beseni la maharagwe, akaomba naye aone. Aliishika simu mbali na uso kama anavyoshika barua. Akatazama kidogo tu, akairudisha.

"Mu hii nyumba hamuna mutoto."

Mpwa akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni kweli: Edward na Jo walioana mwaka 1924 na hawakupata mtoto. Mama hamjui Hopper na wala hana haja naye. Aliona mlango tu.

Nyumba yetu iko Nguba, kwenye mtelemko, na mlango wa saluni unaelekea ziwa. Tulipokuwa wadogo Papa aligongelea ubao chini ya mlango huo, kimo cha goti, ili anayetambaa asitoke. Kila mtu aliyeingia ilimbidi ainue mguu, hata padri. Ubao uliondolewa zamani, lakini matundu ya misumari bado yapo kwenye fremu, mawili kila upande. Lile la chini kushoto kidole changu kidogo kinaingia hadi ukucha.

Hata hivyo suala la ngazi halikuniachia. Nilisoma kwamba Hopper na Jo walijenga nyumba yao mwaka 1934 huko South Truro, Cape Cod, juu ya kilima kinachotazama ghuba. Kwa hiyo maji hayakuwa mlangoni kwake hata siku moja. Yalikuwa chini, mbali, na kuyafikia ilibidi mtu ateremke. Basi aliyatoa wapi?

Hapo ndipo nilipokikumbuka kiti cha Papa.

Mwaka wake wa mwisho Papa alikataa kitanda mchana. Alitaka kiti chake cha mbao, na alitaka kiwekwe nyuma kabisa ya saluni, mgongo ukutani, mlango ukiwa wazi hata kukiwa na baridi. Siku moja aliniambia, "Mayi imefika mu mulango." Nikamjibu kama mtu anavyomjibu mgonjwa: ndiyo, Papa. Alirudia mara nyingi. Tulisema ni ugonjwa umepanda kichwani. Yaya, yule aliyenitangulia kuzaliwa, alifikia hatua ya kumwonyesha paa la jirani, migomba, ile njia ya udongo inayoteremka, ili aone kwamba ziwa liko mbali. Papa alimtazama Yaya kwa huruma.

Mvua ilipokatika nilikivuta kiti hadi pale pale. Miguu yake imeacha alama nne kwenye saruji, kwa hiyo sikuhitaji kukisia. Nikaketi.

Jirani akapotea. Migomba ikapotea, na njia, na mabati yote ya chini. Ukisimama karibu na mlango jicho linateremka na mtelemko na kuona kila kitu. Ukiketi chini, nyuma kabisa, kizingiti kinakata vyote vilivyo chini yake na kukuachia maji peke yake. Ziwa Kivu lilikuwa limejaa mlangoni kwetu, kijivu kwa ajili ya mvua, na ng'ambo vilima vya Rwanda. Bahari ya Hopper haina ng'ambo. Yetu inayo, lakini hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoiona. Nikasimama: mabati yakarudi. Nikaketi: maji.

Nilifanya hivyo mara nne au tano. Mpwa akauliza kama nimepoteza kitu.

Mchana wote huu mimi na kijana huyu tulikuwa tukimsahihisha mchoraji. Papa tulimsahihisha miezi minane.

Mama alikuwa amesimama na beseni lake, ananitazama. Nikaondoka kitini, nikamwonyesha kwa mkono. Akaketi polepole, akaweka beseni mapajani, akainua uso. Vidole vyake viliendelea kuchambua maharagwe kwa muda, kisha vikaacha. Maji ya mvua yalikuwa bado yakidondoka kwenye ukingo wa paa. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Baadaye akaangalia ndani ya beseni, akaokota kijiwe, akakirusha nje ya mlango, kwenye maji.

Kikagonga bati la jirani.