Siku darasa letu lilipogeuzwa kundi la ndege

Mhadhiri wetu wa fizikia hakupenda kuandika kitu ubaoni kabla watu hawajabishana. Alipofika kwenye mada ya makundi ya ndege aliuliza swali moja tu: maelfu ya kwezi wanapogeuka kwa pamoja angani, nani anayetoa amri? Kiongozi wa darasa akajibu bila kusita kwamba lazima yupo wa mbele. Mwalimu hakumkatalia. Alichukua filimbi na boksi la kadi, akatuambia twende uwanjani.

Masharti yalikuwa machache. Kila mtu atembee kwa mwendo uleule, asikimbie wala kusimama. Filimbi ikilia, tazama walio ndani ya hatua tatu kutoka ulipo, kadiria wastani wa mielekeo yao, ugeukie huko. Kisha chomoa kadi mfukoni ikupotoshe kidogo: “kushoto digrii 10”, “kulia digrii 5”. Ni marufuku kusemezana. “Na kukonyezana pia,” akaongeza, akimkazia macho kiongozi wa darasa.

Tulianza kila mmoja katazama kwake, kama abiria walioshushwa njia panda. Filimbi za mwanzo zilizaa vikundi vya watu watatu wanne. Vikundi vikikutana vilibabaishana, watu wakipigana vikumbo, halafu kimoja kikamezwa na kingine. Haukupita muda darasa zima, watu kama 40, likawa linakwenda upande mmoja, na lilikuwa karibu kuvaa nyavu za goli Mwalimu alipotusimamisha.

Kiongozi wa darasa alikuwa mbele kabisa. “Mmeona?” akasema. Mwalimu akamuuliza alikuwa akimfuata nani. Akamwonyesha dada aliyekuwa kushoto kwake. Na yule dada? Alikuwa akimfuata yeye. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Tukapewa kadi nyingine, hizi za digrii 120, 150 na kuendelea. Yangu ya kwanza ilinigeuza nikatazamana uso kwa uso na jirani niliyekuwa nimetoka kumfuata. Kanuni ilikuwa ileile, watu walewale, lakini hatukuelekea popote. Hapo ndipo Mwalimu alipomtaja Tamás Vicsek, mwanafizikia wa Hungaria, ambaye mwaka 1995 yeye na wenzake waliuweka mchezo huuhuu ndani ya kompyuta: chembe zenye mwendo usiobadilika, wastani wa majirani, na vurugu kidogo, kama kadi zetu. Vurugu ikizidi kiwango fulani, hakuna kundi. Ikishuka chini yake, chembe zote zinashika njia ambayo hakuna hata moja iliyoichagua. Wanafizikia wanaiona hali hiyo kuwa ndugu wa chuma kinachopoa na kugeuka sumaku.

Mimi nilidhani somo limeisha. Kumbe kilichonibakia kichwani mpaka leo kilikuwa bado.

Alizirudisha kadi ndogo, akatutawanya uwanja mzima, akatuambia tusinyanyue mguu. Filimbi ikilia, geuza mwili tu. Tukageuka, tukageuka tena. Jirani zangu wa kulia na kushoto tulielewana vizuri, lakini nilipotupa jicho mbali niliona wenzetu wa upande wa pili wamegeukia kwingine kabisa, na katikati watu wamepinda hatua kwa hatua kutoka uelekeo wetu kwenda wao. Kila mmoja alikuwa sawa na jirani yake, ila darasa halikuwa sawa. “Sasa tembeeni,” akasema. Tulipoanza kutembea, waliokuwa mbali wakawa majirani, majirani wakabadilika, na ile mipindo ikaanza kunyooka.

Watu 40 hawathibitishi chochote, Mwalimu alikubali hilo mwenyewe. Lakini hoja iliyo nyuma yake ni nzito. Chukua mishale ya kufikirika badala ya watu: tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba mishale iliyotulia palepale kwenye bapa, yaani eneo tambarare, huru kuelekea popote, kila mmoja ukifuata jirani zake na kutikiswa na joto, haiwezi kushika uelekeo mmoja bapa likiwa kubwa mno. Mwaka huohuo wa 1995, wanafizikia John Toner na Yuhai Tu walionyesha kwa hesabu kwamba mishale inayosafiri kule inakoelekea inaweza. Kwenda kwenyewe ndiko kunakosambaza habari. Nimesoma mengi tangu hapo, na bado sijakutana na hoja ya fizikia iliyonipendeza kuliko hii.

Kiongozi wa darasa hakukata tamaa. Akauliza kama ndege halisi nao wanapima hatua tatu. Swali zuri kuliko alivyojua. Mwalimu akatueleza kuhusu watafiti wa Italia waliopiga picha makundi ya kwezi juu ya Roma kwa kamera kadhaa kwa pamoja, wakapata nafasi ya kila ndege. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha kwamba kwezi hajali umbali: anafuata wenzake sita au saba walio karibu zaidi, wawe wamebanana au wametawanyika. Mwewe akilipasua kundi, kamba ya ujirani haikatiki kirahisi.

“Basi kanuni yako ina kasoro, Mwalimu,” kiongozi wa darasa akasema, safari hii kwa heshima.

“Ina kasoro,” akajibu, akaipuliza filimbi. “Hesabuni saba.”