Nusu ya Leso

Kwa miaka sita nilimnunulia nguo dada ambaye sikuwa naye. Nilimjua vyema: mrefu kama mimi, mabega mapana kama yangu, mguu wa saizi 43, apenda rangi ya samawati, hapendi shingo inayobana. Nilikuwa nikifika soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, mabelo ya mitumba yanapofunguliwa, nimevaa suruali na shati la kazini. Kila niliponyanyua gauni na kulipima kifuani nilikuwa nimeshasema kabla sijaulizwa: "Namchagulia dada." Wauzaji wengi hawakujali, bora pesa. Ila mama mmoja muuza sidiria alinitazama kitambo, akairudisha ile niliyoishika, akanitolea nyingine. "Mwambie dadako hii itamshika vizuri zaidi," akasema. Mpaka leo namwombea dua mama yule.

Nguo zenyewe nilizijaribu usiku, chumbani kwangu Likoni, mlango nimeutia komeo na redio nimeipandisha sauti ili jirani asisikie viatu. Isiyonienea niliigawa, maana ningerudi sokoni niseme nini? Mwanamke mwingine akinunua gauni huingia nyuma ya pazia, akalivaa, akatoka kuwauliza wenzake: "Mwaonaje?" Hilo la kuwauliza wenzake ndilo nililolitamani kuliko gauni.

Mara moja nilijipa moyo nikaingia duka moja la nguo mpya mjini. Nilichukua blauzi mbili, nikauliza chumba cha kujaribia. Akaitwa askari wa mlangoni. Hakunipiga, hakunitukana. Alisimama tu baina yangu na pazia, akasema, "Hapa ni pa wanawake," na wateja wakageuka kunitazama. Niliziweka blauzi nikatoka. Karibu mwaka mzima ukapita sijanunua kitu.

Kisha ikaja Oktoba 2014. Nilikuwa ndani ya matatu niliposikia redioni kwamba Mahakama Kuu jijini Nairobi imeliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha kidato cha nne cha Audrey Mbugua, na liiondoe alama ya jinsia iliyokuwa humo. Audrey ni mwanamke transjenda, kama mimi. Sote wawili tuliandikwa wanaume tulipozaliwa, na makaratasi yakaendelea kutuandika hivyo. Abiria walisema waliyoyasema. Kuna aliyecheka, kuna aliyeomba Mungu atunusuru, na kondakta akauliza kama mahakama imekosa kazi. Mimi nilitazama nje dirishani, moyo wanidunda. Sikuwa na kesi popote. Lakini jaji alikuwa amemsikiliza mtu kama mimi mbele ya watu na kumpa haki yake. Nikawaza: kama mtu huyo anaweza kuwepo mahakamani, basi na dukani anaweza kuwepo.

Jumamosi iliyofuata nilivaa dera. Dera ni vazi la huruma, halikuulizi nyonga wala mabega, linamwagika tu kutoka shingoni hadi miguuni. Nikajitanda mtandio. Nilikuwa nimefikiria kuvaa buibui na ninja ya kufunika uso, maana ningepita popote bila kutambulikana, nikaacha. Lile ni vazi la watu la imani na heshima yao, sikutaka kuligeuza maficho. Tena siku ile nilitaka nionekane.

Kwenye feri nilisimama karibu na wanawake waliobeba vikapu. Kilichonitia hofu zaidi ya macho ya watu ni kitambulisho kilichokuwa pochini: picha ya kijana aliyenyoa kipara, jina la kiume, na pale penye jinsia, neno lile moja. Askari angekiomba ningefanyaje? Nilitunga sentensi tatu za kujibu, nikawa nazirudia kimoyomoyo kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani anayehifadhi sura. Hakuna aliyekiomba. Tulifika upande wa pili, nikapanda matatu hadi Posta, nikashuka, nikashika njia ya Mtaa wa Biashara.

Nilikuwa naenda kununua leso, yaani kanga. Msomaji wa bara asishangae kwamba safari yote ile ilikuwa ya leso tu. Kwetu mtoto hupokewa kwa leso akizaliwa, hubebwa kwayo mgongoni, bibi harusi huvikwa leso ya kisutu, na mwanamke akisikia hodi usiku kitu cha kwanza anachonyakua ni leso. Nilipokuwa na miaka saba nilijifunga moja ya mama kifuani, nikasimama mbele ya kioo. Alinivua bila kusema neno, akaikunja, akaifungia sandukuni. Nakumbuka zaidi sauti ya ufunguo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile.

Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo ni ule ukingo unaozunguka, mji ni katikati, na jina ni yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Mwanamke husoma jina kabla ya kutazama rangi, kwa kuwa anaweza kujifunga fumbo la kumchoma jirani hali yeye hana ugomvi naye. Biashara hiyo mjini Mombasa ina zaidi ya karne. Wale wa duka la leso la Mali ya Abdulla walianza mwaka 1887. Wanaume nao hununua leso, za wake zao na mama zao, lakini hununua mbiombio, hawasomi. Mimi nilitaka kununua kama wanunuavyo wanawake: nikunjuliwe kumi, nisome majina yote, nikatae tisa.

Duka nililoingia lilikuwa limejaa. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kiua, alikuwa akirusha leso juu ya kaunta bila kutazama zinapotua. Wanawake walizishika, wakazinyoosha, wakazitupa. Nilipata nafasi pembeni, na kwa muda nikaona kweli nimo, mmoja wao tu. Lakini leso niliyoitaka ilikuwa rafu ya juu. Sikuwa na budi kusema.

"Ami, nitolee ile ya zambarau."

Sauti yangu ilishuka nikiwa na miaka kumi na minne na haijapanda tena. Mtandio hauwezi kuifunika. Wanawake wawili wakageuza shingo. Ami alisimamisha mkono hewani, akanitazama usoni, kisha kifuani, kisha usoni tena. Na nyuma yangu, mlangoni, kijana mmoja wa kushusha mizigo akamwambia mwenzake bila kupunguza sauti:

"Shoga huyo."

Neno hilo nimekua nalo. Lilipata kuandikwa kwa chaki juu ya dawati langu, nami nikalifuta kwa mkono wa shati kabla mwalimu hajaingia. Limenifuata vichochoroni, limenishusha kwenye magari. Nililijua uzito wake na nililijua linalokuja baada yake. Nikaondoa mkono kwenye kaunta, nikaanza kupima umbali hadi mlangoni.

"Shoga," sauti nyingine ikaita kushoto kwangu. "Shoga, hebu nishikie ncha hii."

Alikuwa mwanamke wa rika langu, mtoto amelala mgongoni mwake, mikononi ameshika leso ya manjano yenye mikorosho. Alikuwa akinielekezea pembe yake moja, amekunja uso kwa sababu mtoto alikuwa mzito.

Kwa nukta moja sikujua ni neno gani nililolisikia. Mombasa, kama kule Unguja, mwanamke humwita shoga mwanamke mwenziwe. Shoga ndiye unayemwachia ufunguo ukisafiri, ndiye anayejua deni lako la dukani na siri ya ndoa yako. Nilikuwa nimewasikia mama na majirani wakiitana hivyo tangu nizaliwe: shoga yangu wee, shoga waonaje, shoga njoo. Mimi sikuwahi kuitwa. Herufi ni zile zile tano, na ule muda tangu kijana aseme hadi mwanamke aseme haukutosha hata kushusha pumzi.

Nikashika ncha.

Tukainyoosha baina yetu. "Jina lasemaje?" akauliza. "Humu giza, sioni."

Nikainama nikasoma kwa sauti yangu ile ile, maana sina nyingine: "Japo sipati tamaa sikati."

"Hiyo nzuri," akasema. "Haimsemi mtu. Wewe waionaje?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nilimwambia rangi yake nzuri, ila manjano hushika uchafu haraka. Akasema uchafu tutafua. Akamwita ami, akauliza bei, akaambiwa pea moja shilingi 500. Akaguna. Yeye alitaka moja tu, ya kubebea mtoto. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa imechanika. Akanigeukia: "Tugawane? Wewe moja, mimi moja."

Nilisahau ya zambarau. Nilitoa 250 zangu, yeye akatoa zake, na ami, aliyekuwa ameshusha mkono, akachukua mkasi akaikata ile pea katikati, moja kwa moja, bila kupima.

Nimejiuliza miaka yote hii kama mwanamke yule alimsikia yule kijana. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Inawezekana alisikia akalichukua lile neno na kulirudisha mahali pake, na wanawake wa Mombasa hawashindwi na hilo. Inawezekana pia hakusikia kitu, mkono tu ulikuwa umemchoka, akamwita aliye karibu. Zamani nilitaka sana iwe lile la kwanza. Siku hizi naliona la pili kuwa kubwa zaidi, kwamba huenda hakunitetea dhidi ya mtu yeyote, alinihitaji tu nimshikie leso.

Tulikaa nje, kibarazani, kumngoja fundi atukunjie kingo kwa charahani. Foleni ilikuwa ndefu. Akamfungua mtoto, akampakata, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Likoni. Akasema yeye ni wa Mtongwe, mbona tu majirani. Akauliza, "Una watoto?" Nikasema, "Sijajaaliwa." Akasema, "Mungu atakujaalia," kama linavyosemwa kila siku, akaendelea kumpepea mtoto. Nililazimika kugeuka upande nijifanye natazama magari. Lilikuwa swali linaloumiza, na halijawahi kuulizwa mwanamume kwa sauti ile.

Fundi alipomaliza tuligundua nusu moja ina dosari. Mtambo wa kiwandani ulikuwa umeruka, herufi ya mwisho ya jina haikuchapwa: Japo sipati tamaa sikat. Nikamwambia nipe hiyo mimi, yeye achukue nzima. Akakataa. "Mimi ya kumfungia huyu, nani atasoma mgongoni? Wewe ndiye wa kuvaa utokezee." Akamlaza mtoto mgongoni, akapitisha leso mpya, akafunga fundo juu ya ziwa, akaniaga kwa haraka kwa kuwa jua lilikuwa limeshakuwa kali. Jina lake sikumwuliza. Sikukumbuka hata kuuliza.

Nilirudi na feri ya saa nane nimejifunga leso yangu kiunoni juu ya dera, kwa sababu ya upepo. Usiku ule sikufungua redio.

Sasa imechujuka, manjano imekuwa rangi ya maziwa ya chai, na mtoto yule bila shaka ameshakuwa mkubwa, habebwi tena. Lakini kila nikipita Marikiti nikaona mikorosho ya manjano kwenye mgongo wa mtu, huharakisha hatua nimfikie kwa nyuma, nisome jina hadi herufi ya mwisho.