Siku Mshale alipokataa maji

Jana usiku namfunika binti yangu alale, akaniuliza, baba, farasi akiwa na kiu anasemaje? Nikakosa jibu, kwa sababu jibu lenyewe ni kwamba hasemi. Mimi nimeshamwona farasi aliyekaukiwa mwili mzima amesimama mbele ya ndoo iliyojaa na hataki hata kuigusa. Nikamwambia lala mama, tutaongea kesho, halafu mimi ndo nikakosa usingizi.

Ni enzi zile nafanya kazi kwa Mzee, mwenye mikokoteni ya kuvutwa na farasi. Mshale ndo alikuwa mkubwa wa farasi wake, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mvutaji kweli kweli. Siku hiyo tulichelewa kupakia matofali, tukajikuta njiani saa saba mchana, jua la utosi, upepo hakuna kabisa. Nilishamwomba Mzee tukae kivulini mpaka jua lipungue makali akasema mzigo unasubiriwa, na kwake mzigo ukishasubiriwa basi maneno yameisha.

Tulipofika tukamfungua. Kuanzia hapo nakumbuka kila kitu. Chini ya mikanda na katikati ya mapaja jasho lilishakuwa povu jeupe, na sehemu zilizoanza kukauka zimebaki na ukoko wa chumvi juu ya manyoya. Mbavu zinapanda na kushuka haraka mno, pua zimetanuka, macho yamezama kidogo. Nikamsogezea ndoo, akainusa, akageuza kichwa. Mzee akasema unaona, hana kiu huyo, na hata angekuwa nayo farasi wa moto hapewi maji, yatamsokota tumbo, mtembeze kwanza apoe.

Nikamvuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili nikaiachia. Farasi mzima ngozi inarudi hapo hapo. Ya Mshale ilibaki imesimama mkunjo, nikawa naitazama tu, ndo ikaanza kulala pole pole. Nikamfunua mdomo, fizi zimekauka zinanata kwenye kidole, nikabonyeza pakawa peupe, na damu inatakiwa irudi kwenye sekunde 2 hivi lakini ilikawia. Nikaweka sikio ubavuni kusikiliza utumbo, maana tumbo la farasi mwenye afya linanguruma muda wote. Kimya. Aisee kile kimya kilinitisha kuliko yale mapumzi yote, kwa sababu utumbo ukikosa maji chakula kinakwama humo ndani na hapo ndo tumbo linamsokota kweli.

Daktari wa mifugo aliyekuwa anakuja pale alishanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisahau. Sisi binadamu tukitoka jasho tunapoteza maji mengi kuliko chumvi, damu inabaki na chumvi nyingi, ubongo unaona hali hiyo unatuambia tunywe. Farasi jasho lake lina chumvi kama ya damu yake au zaidi, kwa hiyo maji na chumvi vinaondoka pamoja na ubongo haupati habari. Kwenye kazi nzito na joto kali anaweza kutoa lita 10 mpaka 15 kwa saa moja na bado akaipita ndoo. Yaani kukataa maji kwa Mshale ndo ilikuwa dalili yenyewe, na Mzee alikuwa anaisoma kama afya.

Nikamwambia Mzee wangu, samahani sana, leo naomba uniachie. Hakujibu. Nikamvuta Mshale kivulini nikaanza kummwagia maji baridi shingoni, kifuani, mgongoni, mapajani, ndoo juu ya ndoo bila kusimama, na Mzee nyuma yangu anasema utamkaza misuli huyo, utamuua. Watu wengi waliamini hivo hivo, mpaka watafiti walipokuwa wanajiandaa na joto la Olimpiki ya Atlanta ya 1996 wakapima farasi waliotoka mbio na kuona maji baridi yanawapoza bila kuwadhuru. Sikumwambia hayo, si mtu wa kuambiwa habari za Olimpiki wakati farasi wake anatweta. Nikaendelea kumwaga.

Halafu nikaweka ndoo mbili za maji yasiyo baridi sana, moja matupu, nyingine nimeikorogea chumvi gramu 9 kwa kila lita, nikamwachia achague mwenyewe. Akachovya midomo kwenye ya chumvi. Akaitoa. Akachovya tena, akawa anachezea maji kwa midomo tu hanywi, nikabaki nimemshika singa sisemi kitu. Mara nikaona shingoni chini ya koo uvimbe mdogo unatelemka. Funda moja. Kisha la pili, kisha yakaanza kufuatana, unayaona kabisa yanavyopita, na masikio yake yanacheza kwa kila funda. Alipotoka hapo akahamia kwenye maji matupu na sasa anakunywa kwa pupa. Nilikaa chini nikalia, siwezi kuficha.

Jioni daktari akaja, akampitishia mpira puani mpaka tumboni akamwongezea maji, usiku tumbo likaanza kunguruma. Akapumzishwa, akapona, akarudi kazini.

Ninachoshindwa kukipanga kichwani ni Mzee. Kuvuta ile ngozi ya shingo ni yeye alinifundisha, kusikiliza tumbo ni yeye, farasi akiugua analala naye bandani. Halafu mtu huyo huyo, kwa mapenzi yale yale, alikuwa tayari kumnyima maji. Baada ya siku ile mikokoteni ikaanza kutoka alfajiri, mchana wote kivulini, na ndoo ya chumvi ikapata nafasi yake pembeni ya maji matupu, na hakuna aliyemlazimisha. Ila kijana mpya akija akimuuliza kama farasi wa moto anapewa maji, Mzee anamjibu hapana, kwa ukali kabisa, huku mimi namwona anaburuta ndoo kumpelekea Mshale aliyefunguliwa sasa hivi. Mpaka leo sijui kati ya hayo mawili lipi alikuwa analiamini.