Kuutakia Amani Mji wa Ugenini

Neno la wiki: Yeremia 29:4–7

Wapendwa katika Bwana, barua ya nabii Yeremia iliwafikia mateka wa Babeli wakati ambapo nabii mwingine, Hanania, alikwisha kutabiri kwamba ndani ya miaka miwili Bwana angewarudisha Yerusalemu. Yeremia alitaja miaka 70, kisha akawapa agizo lililo gumu kwa mtu mwenye uchungu: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake."

Sisi tuliokwenda Leipzig, Ujerumani, kwa ajili ya masomo hatukuchukuliwa mateka. Tuliomba nafasi wenyewe, tukafunga na kusali ili viza itoke. Hata hivyo utabiri wa Hanania tunaufahamu, kwa maana familia nyingi za wanafunzi huishi kwa kauli inayofanana nao: ni miaka michache tu, tuvumilie, maisha tutayaendeleza tukirudi nyumbani.

Kauli hiyo haimsumbui sana anayesoma, kwani yeye ana msimamizi, ana wenzake wa darasani, na siku yake ina ratiba. Anayeumia ni mwenzi wake. Mke wangu aliacha kazi ya ualimu Moshi, mahali ambapo aliitwa "mwalimu" kuanzia sokoni hadi kanisani, akaja kuishi katika jengo ambalo majirani walimpita ngazini kwa kutikisa kichwa tu, Jumapili maduka yamefungwa, na mwezi Desemba jua linazama saa kumi jioni. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie tu ni kumtaka asimamishe maisha yake, na siamini kwamba Mungu alimwita kwa jambo hilo.

Huko Ujerumani anayehamia hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, akiwa na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Barua za benki, za bima ya afya na za shule huletwa kwa jina la ukoo, na jina lisipoonekana kwenye kisanduku cha barua cha jengo, barua hurudi ilikotoka. Tulipobandika jina letu katikati ya majina ya Kijerumani, mke wangu alisimama akayasoma yote, na tangu siku hiyo akawa anawaombea wenye majina hayo, mmoja mmoja, kabla hajawafahamu kwa sura. Polepole alianza kuwasalimu kwa majina yao. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye tulimdhania mkali, ndiye aliyeketi naye kujaza fomu za kumwombea mtoto wetu nafasi ya chekechea.

Yeremia anaendelea: "Kautakieni amani mji ule." Leipzig ni mji unaoyajua maombi ya namna hiyo. Katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai watu wamekuwa wakikusanyika kila Jumatatu kuombea amani tangu mwaka 1982, nyakati za Ujerumani Mashariki, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana baada ya maombi hayo pasipo risasi kufyatuliwa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig ndio waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo mji huo ulikuwa na deni la sala kwetu, nasi kwake, muda mrefu kabla hatujapanda ndege. Tulihudhuria maombi ya Jumatatu tukiwa na Kijerumani kidogo sana, na Baba Yetu tuliisali kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, sambamba na wenyeji.

Muhula wa masomo huko huanza Oktoba, na katika jumuiya zetu wapo wanaojiandaa kuondoka. Wiki hii tunapowaombea safari njema na kufaulu mitihani, tumtaje kwa jina pia mume au mke anayefuatana na mwanafunzi, na tuutaje mji wanaouendea, majirani watakaowakuta, na mwalimu atakayempokea mtoto wao siku ya kwanza ya shule.