Usiku Baba alipoizima redio

Juzi wamepita tena skuli na kile kijiti cha kupimia urefu, wakagawa vidonge vya kichocho, na binti yangu akarudi na swali: "Baba, kwani kichocho kinaua?" Nikamtajia jina ambalo hajapata kulisikia: Abdel Halim Hafez, mwimbaji wa Misri.

Baba alikuwa mpiga fidla, na kwa wapiga taarabu wa rika lake Misri ndiyo ilikuwa chuo. Baba alimheshimu Umm Kulthum, bibi mwimbaji wa huko. Lakini aliyempenda ni Abdel Halim. Alisema yule kijana anaimba kama anayemnong'oneza mtu mmoja tu. Sinema zake aliziona Unguja, na akirudi Pemba alitusimulia kisa chote, nyimbo zikiwamo.

Ilikuwa Machi 1977. Wazee wako barazani, mimi nashika birika la kahawa, redio inakoroma kwenye masafa mafupi. Mara Baba akanyanyua mkono, watu kimya. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, sikupata kitu. Baba akatafsiri polepole: Abdel Halim amefia London, hata miaka 48 hajatimiza. Kisha wakaweka wimbo wake. Mzee mmoja akauliza, "Kafa na nini?"

"Kichocho," Baba akasema. "Alikipata udogoni, kwenye mfereji wa kijijini kwao. Kimemla ini."

Birika lilinitetemeka mkononi. Sisi wavulana tuliokuwa tukioga bondeni, kwenye mpunga, tukiona damu kwenye mkojo tulidhani ndiyo ukubwa unaingia. Hatukuwaambia watu wazima. Nikaliweka birika chini, nikasema mbele ya wazee wote: "Baba, na mimi nakojoa damu."

Baba akaizima redio, wimbo haujafika hata nusu. Sijapata kumwona akiikatisha sauti ile, kabla wala baada ya usiku ule. Akanishika bega, akaniuliza tangu lini, na nani mwengine.

Asubuhi tulikwenda hospitali, mimi na wenzangu, tukapewa dawa, tukapona. Ukubwani ndipo nikajua kwamba chetu kilikuwa cha kibofu, na cha Abdel Halim kile cha matumbo kinachopanda hadi kwenye ini. Nikajua pia kwamba alizaliwa katika kijiji cha Halawat, Misri, mwaka 1929, mama yake akafa kwa uzazi ule ule. Kwamba alicheza sinema tangu 1955 hadi 1969, na kwa miaka mingi alipanda jukwaani na maradhi yake tumboni. Hivi vidonge vya leo vimeenea baada ya yeye kuzikwa. Hilo huniuma.

Watu wakimtaja hutaja mapenzi, na jinsi Cairo ilivyofurika siku ya maziko. Mimi humwombea rehema kila nikimsikia, na mpaka leo sijui kama ni deni ninalolipa au ni muziki wake tu ninaoupenda, kama alivyoupenda Baba.